Muhtasari Wenye Udongo

Erasmo Kinunda wa Matiri alikuwa na vitabu arobaini na viwili, vingi vikiwa havina majalada. Ujanani alikuwa muuzaji katika duka la vitabu la misheni kule Kigonsera, na kila kilichoguswa na mchwa Padre alimwambia, "Chukua, ukakimalizie wewe." Akavimalizia kweli. Humo alikutana na mawazo ya watu wa mbali juu ya haki, kodi, wafalme na kura, na yaliyomgusa akayanakili kwenye daftari, kati ya hesabu za mbolea na tarehe za ubatizo. Redio ilipotaja uchaguzi wa nchi yoyote ile, majirani walimwuliza yeye.

Ndiyo maana walimpa uenyekiti wa kamati ya maji. Bomba lilikuwa moja, na kijiji ndicho kiamue lisimame wapi. Jumanne moja ya mwezi Machi, saa nne asubuhi, mkutano uliamua lisimame karibu na mashine ya kumenyea kahawa. Erasmo naye alinyoosha mkono. Shamba lake lilipakana na mashine. Jioni aliandika muhtasari kwa mwandiko wake bora: *Wananchi wote wameridhia.* Ijumaa karatasi ingepelekwa wilayani, Mbinga.

Mkewe, Emiliana, aliingia na jembe begani, matope hadi magotini. Erasmo akamsomea.

"Wote?" aliuliza Emiliana.

"Wote waliokuja. Tangazo lilisomwa kanisani, Mama Glorious."

"Mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mimi huwa wapi, Baba Glorious?"

Ulikuwa msimu wa ngoro, yale mashimo ya kulimia milimani. Wanaume walikwisha kufyeka nyasi na kuzipanga miraba mteremkoni, kazi yao ikaishia hapo. Sasa wanawake walikuwa wakizifukia kwa udongo, shimo baada ya shimo, mpaka mlima ufanane na sega la nyuki. Mwezi huo wanaume wana nafasi ya mikutano. Wanawake hawana hata nafasi ya kukohoa.

"Vitabu vyako vinasemaje?" Emiliana aliuliza, bila ukali, akinawa miguu.

Vilisema mengi, na yote alikuwa ameyanakili. Usiku ule aliyasoma upya daftarini, akaona haya.

Alfajiri alimwendea Pankras, katibu wa kamati.

"Tunarudia mkutano. Leo. Mlimani."

"Mlimani? Mwenyekiti, umelala vizuri kweli?"

"Sikulala. Beba kalamu."

Walipofika, Erasmo hakusimama pembeni. Alichukua jembe, akaingia kwenye mstari kando ya mkewe, akaanza kufukia. Kicheko kilivuka mteremko mzima.

"Jamani, mwenyekiti kaolewa!" alipaza sauti Bonifasia.

"Fukia vizuri, shemeji, nyasi zinakuchungulia!" mwingine akadakia.

Alieleza habari ya bomba huku akihema. Hakuna aliyeacha kuchimba. Winifrida, mjane aliyeteka maji korongoni tangu usichana wake, alijibu bila kuinua kichwa: "Kahawa inaoshwa miezi mitatu, mwenyekiti. Watoto wanaoga mwaka mzima. Bomba likae karibu na shule, katikati ya nyumba."

"Na mashine?" aliuliza Pankras.

"Mashine mtaitekea nyinyi. Ndoo tutawaazima."

Majembe yakainuliwa juu badala ya mikono. Pankras alihesabu, akarudia kuhesabu, na hata alipojumlisha wanaume wote wa Jumanne, mashine ilishindwa vibaya. Erasmo alijua maana yake: msimu wa kahawa angebeba ndoo kupanda kilima, kwa umri wake. Ajabu, moyo ulikuwa mwepesi. Aliinua jembe lake pamoja nao.

Pankras aliandika muhtasari mpya, na wanawake wakatia saini palepale, kwa vidole vya udongo. Karatasi ikawa nyekundu.

"Nitainakili safi," alisema Pankras.

"Acha hivyo hivyo."

Ijumaa, ofisini Mbinga, karani aliishika kwa ncha za vidole. "Mzee wangu, shikamoo. Hii imeanguka njiani?"

"Marahaba. Haikuanguka, mwanangu. Hao ndio wananchi wote."

Akatoka akimshukuru Mungu kwa Padre na mchwa wake, na kwa mwanamke aliyemwuliza swali moja huku akinawa miguu. Kisha akapitia sokoni, akanunua ndoo mbili.