Darubini ya Mtu Mwoga

Siku ya kwanza ya kazi ya kuongoza wageni nilifika Momela, kwenye lango la hifadhi, mikono ikinitetemeka. Nikamwamkia mwongozaji mkuu, "Shikamoo, mzee." Akaitikia huku akiitazama ile mikono.

"Unaogopa nyati?"

"Naogopa sana, mzee."

"Vizuri." Akanivisha darubini yake shingoni. "Siku utakayoacha kuogopa, irudishe. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa mtu wa utani yule. Mpaka anafariki sikuwa nimeirudisha.

Vijana mnaniuliza safari nafuu ya kutazama ndege ilipangwaje. Wageni wangu wengi walikuwa walimu wa mjini. Niliwalaza kwa wakulima huku kwetu juu ya Usa River, wakala ndizi na maharage ya mwenye nyumba, darubini moja ikatumiwa na watu wawili. Gari lilitufikisha langoni tu. Kuanzia hapo ni miguu, na hapo ndipo unafuu ulipokuwa unanitisha. Askari wa hifadhi hutangulia na bunduki, wageni hufuata, mwongozaji hufunga mstari. Hakuna kupaza sauti. Nikijipiga kofi pajani, kila mtu anasimama alipo.

Sasa, mtazama ndege ana kosa lake: macho yakishaingia kwenye darubini, miguu inajiendea. Asubuhi moja mwalimu mkuu kutoka Sekei, mama wa makamo, alimsikia shorobo, ndege wa kijani ambaye wekundu wa mbawa zake huuoni mpaka aruke. Akaiacha njia, akaifuata sauti kichakani. Nikapiga paja. Wote wakasimama, yeye hakusikia. Ikabidi nimfuate humo kichakani.

"Mama Upendo," akaninong'oneza, darubini bado machoni, "huyu mwenye mdomo mwekundu, aliyekaa kwenye gogo jeusi, ni ndege gani?"

Nilimjua. Ni yule anayewadonoa nyati kupe. Gogo likatikisa sikio.

Askari alikuwa nyuma yetu njiani, asingeweza kufyatua risasi bila kutupata sisi. Nikamshika mwalimu kiunoni, nikamwambia sikioni, "Rudi nami kinyumenyume. Usigeuke, usikimbie." Nyati dume akainua kichwa, akatukazia macho. Nilimwomba Mungu kwa Kimeru, maana Kiswahili chote kilinitoroka. Tulipoikanyaga njia, mwalimu aliketi chini akalia, nami nikalia naye.

Nimestaafu sasa, magoti yamegoma. Lakini kila asubuhi hondohondo wakipita juu ya migomba yangu, namwomba Mungu tena, kwa kuwa anayewaongoza wageni kwenye njia ile sasa ni binti yangu Upendo, na darubini ya mzee iko shingoni mwake. Watu hunisifu eti nilikuwa jasiri. Jasiri wa wapi! Niliwarudisha watu makwao salama kwa sababu niliogopa kila siku, na sioni aibu kulisema.

Juzi Upendo alipita kunisalimia akitoka kazini, viatu vimejaa tope. Nikamtilia chai, nikamuuliza kama nyati bado wanalala kwenye kile kichaka.

"Wapo, Mama. Ila nimeshawazoea. Siku hizi wala siogopi."

Nikaliweka birika chini, nikamnyooshea mkono.

"Nipe darubini."