Goli la Pekupeku

Mume wangu alifunga goli moja tu katika maisha yake, na hakulifunga yeye. Nalisema hili mapema ili tusichoshane.

Mjini kwetu hakuna asiyemjua Kombora. Ni fundi bomba wa Idara ya Maji, mfupi, kipara, mikono mikubwa kuliko mwili. Amezuia mivujo mji mzima, ila bomba la jikoni kwangu linavuja tangu mtoto wetu wa kwanza anatambaa, na mtoto huyo sasa ana mume. Nikimkumbusha ananiambia, "Jumamosi, mama watoto." Mganga hajigangi. Lakini akiingia kwenye mgahawa ulio karibu na geti la kazini kwao, kiti kinapanguswa, chai inaletwa, na kijana ambaye siku ya goli lile hata hakuwa amezaliwa anamwambia, "Mzee, hebu tusimulie tena."

Naye husimulia, hana haja ya kubembelezwa. Husimulia jinsi mafundi bomba walivyocheza fainali pekupeku, wengine na suruali za kazi zilizokatwa magotini, dhidi ya timu ya jeshi. Wanajeshi walikuja na lori, na bendi, na daktari wao, na ndoo nzima ya machungwa ya mapumziko. Hiyo ni kweli. Walikuwa hawajafungwa mwaka mzima. Hiyo nayo ni kweli. Halafu, dakika za mwisho, anasema aliupata mpira katikati ya uwanja, akampita wa kwanza, akampita wa pili, wa tatu akamwacha amekaa chini, akaachia shuti.

Hapo mimi huanza kukohoa.

Kwa sababu nilikuwepo. Kila mtu mjini hapa anasema alikuwepo. Uwanja ule ungebeba wote wanaodai walikuwepo, ungetitia ardhini. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya goli lenyewe nikiuza karanga. Ilipigwa kona, ikawa vurugu, na Kombora akakanyaga mwiba. Akainama kuutoa hapohapo, mbele ya goli la watu, makalio yakiwaelekea wao. Beki wa jeshi, pande la mtu, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote ili auondoe. Ukamgonga Kombora makalioni, ukarudi ulikotoka, ukampita kipa, wavuni. Yeye akaenda kifudifudi, mwiba mkononi. Wenzake walipomrukia alidhani wanampiga.

Mtangazaji wa redio naye alikuwa ameinama anamimina chai. Aliposikia kelele akainua kichwa, akaona mpira wavuni na mtu chini, na kazi yake inamtaka aseme kitu. Akasema, "Kombooora!" Basi, jina likazaliwa. Mimi nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Baada ya mechi yule mfungaji alikuja kuziokota moja moja, anachechemea, na ndivyo tulivyofahamiana.

Kama mambo yangeishia kwenye chai za bure, nisingesema kitu. Kila mwanamume ana uongo wake, na wangu alikuwa na mmoja tu, tena msafi. Tatizo ni Meneja wa Idara. Siku ya mechi alikuwa karani kijana, kazi yake kukaa kwenye benchi na kuwashikia wachezaji saa zao za mkononi. Siku hizi anasema yeye ndiye aliyekuwa kocha. Mafundi wakiomba glavu, anawajibu, "Timu yetu ililishinda jeshi pekupeku!" Wakiomba mabuti ya kuingilia kwenye mitaro, "Pekupeku, jamani, pekupeku!" Neno likamtoka mdomoni, likavuka geti. Wauguzi wakiomba mashuka, wanaambiwa wamkumbuke Kombora. Walimu wakiomba chaki, Kombora. Goli moja la makalio likawa sera ya mji. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Sisi tulilala milango wazi na madirisha pia.

Sasa, mume wa binti yetu yuko Idara hiyohiyo. Kazi yake ni kupanda tangi, lile kubwa la chuma lililosimama kwa miguu minne katikati ya uwanja wa Idara, aangalie maji na kulisafisha. Ngazi yake ina kutu. Ameomba mkanda wa kujifungia, ameomba, amechoka. Siku moja ya mvua mguu ukateleza. Mungu alisaidia, alikuwa karibu na chini. Akavunjika mguu, akaletwa kwetu kwa sababu kwao ni ghorofani.

Meneja alikuja kumjulia hali na soda mbili. Akakaa kwenye kochi langu, akampiga kijana wa watu begani. "Pole sana. Ila jikaze. Baba mkwe wako alilishinda jeshi zima pekupeku. Wewe ngazi tu ikushinde?"

Mkwe wetu akageukia ukuta. Na mume wangu, aliyekuwa amesimama palepale, akatabasamu. Akatabasamu! 

Meneja alipotoka nikamwambia, "Baba watoto, unajua mguu huu umevunjwa na goli lako?"

"Goli lina mguu wa kumvunja mtu?"

"Plasta ikitolewa anarudi juu kulekule, bila mkanda, kwa sababu yako. Kwenye sherehe utapewa kipaza sauti. Sema ukweli."

Maana ilikuwa inakuja sherehe ya miaka thelathini ya ushindi. Meneja alikuwa amelipa mchoraji amchore Kombora ubavuni mwa tangi, mkubwa kama nyumba.

Mume wangu aliketi pale Meneja alipokuwa amekaa. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijaizoea, "Nikisema, nabaki na nini? Mabomba yote niliyoziba mjini hapa hakuna anayeyajua hata moja. Wanalijua goli."

Nilimhurumia. Wallahi nilimhurumia, nusura ninyamaze. Lakini binti yetu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya mumewe, tumbo limemtangulia, akauliza taratibu, "Baba, akianguka tena je?"

 Mume wangu akaenda jikoni, akaanza kutengeneza lile bomba. Nikajua yamemfika.

Siku ya sherehe uwanja wa Idara ulijaa viti vya plastiki. Ubavuni mwa tangi lilining'inia turubai kubwa lililofunika picha. Mkwe wetu alikaa mstari wa mbele na magongo yake. Mtangazaji yuleyule alikuwepo, mzee sasa, na chupa yake ya chai. Meneja akasema kwa muda mrefu sana kwamba ushindi hauletwi na vifaa, unaletwa na moyo. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa mpaka vinaumiza macho. Kisha akampa mume wangu kipaza sauti.

"Ndugu zangu," mume wangu akaanza, "goli lile sikulipiga mimi."

 Mtangazaji akafunika chupa yake ya chai.

"Nilikuwa nimeinama natoa mwiba. Aliyepiga ni beki wa jeshi, kwa buti, buti zito lenye njumu. Mimi nilichangia makalio tu." Watu wakaanza kucheka, akawasubiri. "Chekeni, hata mke wangu alicheka. Lakini goli lile lilifungwa na kiatu. Na mwiba ulinichoma kwa sababu mimi sikuwa na kiatu. Hatukuwashinda kwa pekupeku, tulibahatika. Na bahati haishiki ngazi. Nawaomba, vijana wapewe mikanda."

Akafuta uso. Mimi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Mwanamume aliyelelewa na goli lile miaka thelathini alilivua mbele za watu kama shati.

Basi nikadhani tumemaliza. Loo! Sikumjua Meneja. Aliinuka anapiga makofi, akachukua kipaza sauti. "Mmemsikia? Mmesikia unyenyekevu huo? Angekuwa na viatu, asingechomwa mwiba. Asingechomwa, asingeinama. Asingeinama, goli tungelipata wapi? Ndugu zangu, ukosefu wa viatu ndio uliotupa kombe!"

Na watu wakashangilia. Watu haohao wasio na glavu, wasio na mashuka, wasio na chaki, walisimama wakashangilia. Mume wangu alibaki ameduwaa kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe halafu akaombwa amshukuru mwizi.

Meneja akavuta kamba ya turubai. Turubai likakataa. Akavuta tena, likakataa. Kona moja ilikuwa imenasa juu, karibu na mdomo wa tangi. "Kijana mmoja apande," akasema. Mafundi wakaangalia vidole vyao. "Jamani, mmoja tu!" Hakuna aliyesogea. Wengine waliangalia magongo ya mkwe wetu.

Nikasimama. Sikupanga, miguu ndiyo iliyosimama. "Meneja! Si upande mwenyewe? Moyo si unao?"

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, "Mama yangu una maneno wewe."

"Maneno ni yako, mwanangu. Sisi tunayarudisha tu. Vua viatu, panda. Pekupeku!"

Mtu mmoja nyuma akaitikia, "Pekupeku!" Halafu mstari mzima. Halafu uwanja mzima, kwa makofi, pe-ku-pe-ku, pe-ku-pe-ku. Na yule mtangazaji, ambaye mara hii hakuinama, akamsogezea kipaza chake mdomoni. Meneja akatazama kulia, akatazama kushoto. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Akavua viatu, akavua soksi, akaonyesha nyayo laini za mtu wa kapeti, akashika ngazi.

Mwanzoni alipanda vizuri, sitamnyima haki yake. Hata akapunga mkono. Alipofika usawa wa paa la ofisi yake upepo ukapita, ngazi ikalia kwa kutu, naye akafanya kosa la kutazama chini. Akaikumbatia ngazi mikono na miguu, akafumba macho.

"Mkanda!" akapiga ukelele. "Nileteeni mkanda!"

Makofi yakakatika. Mtunza stoo akasogea, mtu mpole, akajibu kwa heshima zote, "Mkuu, hatuna. Ombi liko mezani kwako."

"Nakubali! Nimekubali! Nitoeni huku!"

Hakutoka mpaka mume wangu alipovua ndara akampandia kwa nyuma, akamwekea bega chini, akawa anamwelekeza mguu mmoja mmoja, "Hapa, Meneja. Sasa huo mwingine. Usiangalie chini, mwanangu." Wakashuka hivyo, Meneja amekalia kipara cha Kombora. Ni makalio tena yaliyoamua mechi, ila safari hii hayakuwa ya mume wangu.

Jioni redio ilitangaza kwamba Meneja, kwa ujasiri mkubwa, alipanda tangi kuzindua kampeni yake ya usalama kazini. Haya, na atangaze. Mikanda ilifika, na mabuti yakafuata, na glavu. Meneja siku hizi akikutana na mimi ananiamkia kwa mbali.

Turubai liliachwa palepale mpaka mkwe wetu alipopona. Asubuhi ya siku aliyorudi kazini tulikwenda sote, hakuna hotuba wala viti. Akafunga mkanda, akajaribu ndoano yake mara mbili, akapanda. Binti yetu alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kule juu tukamwona akijifunga kwenye chuma, akaachia mikono yote miwili, akaanza kuinasua ile kona ya turubai. Binti yangu akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Turubai likaanguka.

Picha ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Kombora yuko hewani, mguu umenyooka, ana nywele ambazo hajawahi kuwa nazo. Na miguuni, vyeusi, vipya, vinavyong'aa, mchoraji amemvalisha viatu vya mpira na njumu zake zote. Labda hakuna aliyemwambia habari za pekupeku. Labda aliambiwa akaona haiingii akilini. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka nao.

Mume wangu hakucheka. Aliviangalia viatu vile kwa muda mrefu, kisha akautoa mguu wake wa kulia kwenye ndara, ule wenye kovu la mwiba, akaugeuza huku na huku.

"Saizi yangu," akasema.