Mkwe Kwenye Simu

Dada yangu Kasoki ni mtu wa kukaa kimya. Mimi sivyo, ndiyo maana nasimulia mimi.

Alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala huko Minto, huku ugenini tulikohamia, mpaka siku foklifti ya kuinulia mizigo ilipombana kwenye rafu. Nyonga ilipona nusu nusu. Kilichobaki ni aibu: mkojo haukumngoja tena. Alijua yeye, daktari, na mimi ninayefua. Hata Ketsia, binti yake, hakujua.

Wakili akasema kesi ina nguvu, ila ripoti za madaktari bingwa ni ghali, naye Kasoki kazi hana. Kuna kampuni inalipia gharama hizo, halafu kesi ikishinda inakata yake. Kwanza lazima imhoji. Ilikuwa 2021, Corona imetufungia ndani, basi mahojiano yakawa ya simu, na mkalimani wa Kiswahili. Ketsia hakuruhusiwa kumtafsiria mama yake. Kiingereza changu mimi ni cha kununulia maziwa.

"Ukiulizwa, sema yote," nikamwambia. "Mficha uchi hazai."

"Nitasema. Mkalimani ni mtu baki, hatutaonana naye."

Simu ikalia, tukaiweka mezani kwa sauti ya juu. Mzungu akaongea, kisha ikaja sauti ya mwanaume: "Jambo, mama. Mimi ndiye mkalimani wako leo."

Sauti hiyo niliijua. Alikuwa Mirindi, baba yake Moïse, kijana aliyemchumbia Ketsia. Mahari waliileta kabla ya kufungiwa, na Mirindi mwenyewe ndiye aliyeusemea ukoo wao. Kwetu mama hata kula mbele ya mkwe ni kazi. Huyu ndiye aambiwe habari za mkojo?

"Omba mwingine," nikamnong'oneza.

Kasoki akaziba simu kwa kiganja. "Nitaomba kwa mdomo wa nani? Si ni yeye atakayetafsiri?"

Mzungu alipotaja jina la dada, Mirindi naye alimtambua, nakuapia. Alikohoa mara mbili. Angejitoa, bwana! Lakini akijitoa amekiri kwamba anamjua, na dada yangu amevuliwa nguo hapo hapo. Heshima iliwafunga wote wawili, na mpaka leo nina hasira nayo.

"Wanauliza, mama," akasema taratibu, "kama ajali ilikuletea shida upande wa... haja ndogo."

Kasoki akatazama pazia. "Hapana. Niko mzima. Tunamshukuru Mungu."

Nilimfinya paja. Akalisogeza.

Kampuni ikakataa: maumivu ni madogo. Bila ripoti, wakili hakuwa na la kupeleka kortini, akaifunga kesi. Nililia mimi. Yeye alikwenda kumenya viazi.

Harusi ilifanyika Desemba, tulipofunguliwa. Katikati ya muziki Mirindi akaja mezani kwetu, mikono wazi. "Mkwe, inuka tucheze."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Kasoki akanitazama. Angemwambia nini? Alishamwambia ni mzima. Akainuka.

Alicheza kwa hatua ndogo ndogo, anatabasamu, magoti yamebanana. Kabla wimbo haujafika nusu niliona uso wake umebadilika. Nikavua kitenge changu cha juu, nikaingia uwanjani nikicheza, nikamfunga kiunoni, nikakaza.

Watu wakashangilia, wakidhani namtuza.