Kabla Hujanunua Nyumba ya Kupangisha, Omba Choo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashusha pumzi. Umenitumia picha za ile nyumba ya Bunda unayotaka kununua upangishe. Nimezitazama zote, na rangi yake ni nzuri kweli, sikatai. Ila niache kwanza nikusimulie.

Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilikuwa binti mdogo tu, mjane mwenye watoto wanne, naishi kwa wakwe zangu Butiama. Ukoo ulikaa kikao kirefu, wakakubali kwa shingo upande kwamba ng'ombe wa marehemu wauzwe, ninunue nyumba Musoma mjini, kodi yake iwasomeshe ninyi. Shemeji yangu Magesa, mdogo wake baba yako, hakupenda hata kidogo. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Haya, shemeji, nenda. Ila ikiharibika usije ukatuomba ng'ombe wengine, maana hawapo." Na kweli hawakuwapo. Ile fedha ilikuwa ndiyo shule yenu, ndiyo sabuni yenu, ndiyo kila kitu.

Dalali mmoja akanipeleka kuona nyumba upande wa Buhare. Ilikuwa juu kidogo, katikati ya yale mawe makubwa, ina vyumba sita na bati jipya, na ukikaa barazani unaliona ziwa lote. Kila chumba kina mpangaji. Mwanangu, nilichanganyikiwa kwa furaha. Kichwani mwangu kila mtoto nikampa chumba chake cha kumsomesha, na viwili vikabaki vya kwangu, nile sato kila nikimtamani.

Siku ya kukubaliana nikamwita shangazi Nyangeta, dada wa baba yangu, ambaye alikuwa na vyumba vyake vya kupangisha Bunda. Nikwambie ukweli, nilimwita aje kunipongeza. Kukagua nilishakagua mwenyewe!

Mwenye nyumba alikuwa mzee nadhifu, mwenye kofia na maneno matamu. Akatununulia soda. Akasema tufanye haraka kwa sababu kuna mteja anatoka Mwanza. Shangazi akanywa soda yake taratibu mpaka ikaisha, akaweka chupa chini, akasema, "Baba, naomba unionyeshe choo."

Mzee akakohoa. "Aa, mama, cha hapa kinafanyiwa usafi. Labda tukuombee kwa jirani."

"Nyumba ya vyumba sita, choo kwa jirani?" Shangazi akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba bila kumsubiri mtu. Mimi nikamfuata huku natamani ardhi inimeze, maana niliona anataka kuniharibia biashara.

Nyuma tukamkuta dada mmoja, mpangaji, anafua nguo. Shangazi akamsalimia vizuri, akamwuliza habari za watoto, ndipo akauliza habari za choo. Yule dada akacheka.

"Mama, kile kimejaaga tangu mvua zilizopita. Sisi tunaendaga kwa jirani, na yeye ameshatuchoka. Mwezi huu ukiisha tunahama wote."

"Sasa kwa nini asichimbe kingine?"

"Achimbe wapi, mama? Hapa chini ni mwamba mtupu. Mafundi wanakujaga, wakifika magotini wanakwama, wanaondoka. Na gari la kunyonya choo haliwezi kupita kwenye haya mawe."

Shangazi alirudi mbele, akamshukuru mzee kwa soda, akanishika mkono kama mtoto tukaondoka. Tulipofika barabarani akanigeukia.

"Umekuja hapa mara ngapi?"

"Nimekujaga mara nyingi, shangazi."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikasema kwa sauti ndogo, "Ziwa."

"Ziwa! Mpangaji analipaga kodi ya kuangalia ziwa? Una watoto wanne, umebeba ng'ombe wote wa marehemu kwenye pochi, na hukuuliza watu wataendea wapi haja? Yule dada ulimpita mara ngapi akifua, usimwulize hata neno moja?"

Niliketi pale pale pembeni ya barabara nikalia. Watu waliopita walidhani nimefiwa tena. Kumbe nilikuwa nalia kwa kuponea chupuchupu, kwa sababu fedha ilikuwa bado ninayo, yote, na kesho yake watoto wangu wangeamka wakiwa bado na baba aliyewaachia kitu. Sijawahi kupata raha kama ile tena. Shangazi akaniacha nilie, halafu akaninunulia maandazi.

Nyumba tuliyokuja kununua baadaye ilikuwa mbaya, nisikufiche. Vyumba vinne, kuta hazijapigwa plasta, mbele ni ukuta wa jirani. Lakini choo chake kilikuwa kirefu, maji yalikuwapo, na gari lilifika mpaka mlangoni. Tuliiona siku ya mvua kubwa, tukamwuliza mwenyekiti wa mtaa na majirani, na shangazi akagoma kabisa mpaka mke wa muuzaji aje aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali.

Basi mwanangu, hiyo ya Bunda usitoe hata kishika uchumba, hata shilingi ya kuanzia, kwa sababu ya picha. Nenda mwenyewe, bila dalali, asubuhi wapangaji wakiwa uani. Waulize maji yanatoka siku gani, umeme wa luku wanagawanaje, waliohama walihama kwa nini. Wao hawana cha kukuuzia. Rudi siku ya mvua. Na omba choo, usione haya.

Ukishakuwa mwenye nyumba, usiile kodi yote. Ipo sehemu ambayo ni ya bati na choo, si yako. Bati likivuja, tengeneza kabla hujadai kodi. Chumba cha mpangaji usikiingie bila hodi, hata kama ufunguo unao. Mkataba andikiana na kila mtu, na ndugu ndio uwaandikie kwanza, maana hao ndio mtakaogombana nao. Na mpangaji mwema akichelewa kwa sababu ya ugonjwa, msikilize.

Wewe na dada zako mmesomeshwa na vyumba vinne vibaya ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvipiga picha. Nenda kwa amani, mwanangu. Mungu akupe nyumba ambayo mpangaji akihama anakuaga kwa huzuni, na mvua ikinyesha usiku, wewe ulale na wao walale.