Mapigo ya Kidole Gumba

Jirani yangu wa chumba cha pili anasomea uuguzi, na leo ni siku ya kumi na moja tangu aache sigara. Mkufunzi wake alimwambia akinuka moshi tena wodini, afungashe virago. Kwa hiyo sasa anavuta kalamu. Anaibana kwa vidole viwili, anakung'uta majivu hewa kwenye kisahani changu, kisha ananipima presha, maana mimi ndiye mgonjwa wake wa mazoezi, buheri wa afya. Jana alinishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo huku macho yameganda kwenye saa, akashtuka.

"Mia na kumi na nane! Kaka, umekula nini?"

"Dada, umeshika kwa kidole gumba. Hayo ni mapigo yako mwenyewe."

Onyo la kosa hilo alinisomea kitabuni juzi tu, kwa sauti ya mhubiri. Alikitazama kile kidole kana kwamba kimemsengenya. Halafu akauliza polepole, "Ile pakiti niliyokuachia unitunzie, bado unayo?"

"Nimekuvutia zote. Udugu ni kufaana."

Alinitukana mpaka mababu, akacheka, akanishika mkono tena, safari hii kwa vidole viwili. Vilikuwa vilevile vya kubania kalamu, na havikuachia.