Mama Jezi

Timu yetu ya daraja la tatu pale Ilemela ilikuwa na mama wa kufua jezi. Sisi watoto tulimwita Mama Jezi tu. Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba imeanza kumwagika mjini, na jezi zetu nyeupe zilikuja na maandishi ya Ulaya mgongoni ambayo hakuna aliyeyaelewa. Alizifulia ziwani kwa sabuni ya mche, akizisugua mpaka vidole vikapauka, kisha akazianika juu ya mawe. Tukiona mawe yamekuwa meupe, tunajua kesho kuna mechi.

Uwanjani sikumwona akishangilia goli. Yeye macho yake yalikuwa kwenye nguo. Mchezaji akiteleza tu, Mama Jezi anainuka: "We! Hilo tope utafua wewe?" Kipa ndiye aliyemchosha zaidi. Alimsema, akamsema, mpaka kijana wa watu akawa anadaka amesimama, na mipira ya chini ikawa inajipitia.

Siku ya mechi ya kupanda daraja mvua ilikuwa imenyesha. Tunaongoza moja bila, dakika za mwisho, wenzetu wakapewa penalti. Golini kwetu ni dimbwi tupu. Kipa, badala ya kumtazama mpigaji, akamtazama Mama Jezi. Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Akashika kiuno, akaguna.

"Jirushe, ng'wanone, jirushe mwanangu. Nitafua."

Akajirusha, akadaka. Kesho yake jezi zote zilikuwa safi juu ya mawe, isipokuwa ya kipa. Ile aliianika na tope lake.