Miji Miwili na Miguu ya Mama

Mume wangu alirudi kutoka Malton saa tisa mchana, saa ambayo kwa kawaida huwa bado yuko ofisini kwake karibu na uwanja wa ndege wa Toronto. Kabla hajavua viatu akaniambia kwamba idara yao inahamishiwa Marekani. Anayetaka kubaki na kazi achague mji mmoja kati ya miwili, Columbus au Minneapolis, na atoe jibu ndani ya wiki tatu.

"Basi tuchague," akasema, kana kwamba ni vitambaa vya pazia.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Thornhill, nje kidogo ya mji, sisi wawili, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, na mama yangu mzazi. Tulihama kutoka Parkdale, ndani ya mji, ili tuwe karibu na kituo chetu cha ibada pale barabara ya Bathurst, na Mama hakuwahi kutusamehe sawasawa. Parkdale alikuwa akienda dukani kwa miguu, anamjua muuza ndizi, anajua nani kajifungua na nani kagombana na mwenye nyumba. Thornhill hatoki mpaka mmoja wetu ashike ufunguo wa gari. Kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa la kazi.

"Mama atatembea wapi?"

Mume wangu alinitazama kidogo, akaenda kunawa.

Tulianza na Columbus kwa sababu kunafikika kwa gari. Tukaondoka wote wanne Ijumaa asubuhi. Njia nzima mume wangu alikuwa akiusifu mji ule: nyumba zina nafasi, baridi yake si kali kama yetu, ukitoka kule asubuhi jioni uko Toronto. Na kweli, katikati ya mji palinipendeza. Kuna mtaa wa nyumba za zamani za matofali mekundu, soko la ndani lenye vyakula vya kila namna, na njia ya kutembea kandokando ya mto. Lakini nyumba tulizoonyeshwa zilikuwa mbali na hapo, na hata hoteli yetu ilikuwa nje kabisa, ambako kila unachokitaka kiko ng'ambo ya barabara pana. Niliuliza kuhusu treni, nikaambiwa hakuna.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri Mama alitaka limau la kuweka kwenye chai. Duka lilikuwa mbele ya hoteli, unasoma bango lake kutoka dirishani. Nikamwambia anisubiri nizungumze na mtu wa mapokezi. Niliposikia honi, ndefu, isiyokatika, nikajua kabla sijageuka.

Alikuwa katikati ya barabara, amesimama juu ya ukingo mwembamba wa zege, baibui likipepea, malori yakipita mbele yake na nyuma yake. Mume wangu alinipita mbio. Akaingia barabarani mkono juu, akiwasimamisha madereva kama trafiki, akamshika Mama bega na kumrudisha hatua kwa hatua. Binti yangu alikuwa analia.

"Duka si lile pale?" Mama akasema. "Naliona kabisa."

Jumapili tukarudi Toronto.

Minneapolis tulikwenda kwa ndege, mimi na mume wangu tu. Mama na mtoto tuliwaacha Parkdale kwa mama mdogo. Tukapanda treni hapo hapo uwanjani ikatushusha katikati ya mji. Majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo, watu wanatoka jengo hili na kuingia lile bila koti. Kuna ziwa ndani ya mji wenyewe, na wazee walikuwa wakilizunguka polepole, wawili wawili. Karibu na kituo cha basi tukaingia duka la mama mmoja wa Kisomali aliyekulia Nairobi. Aliponisikia nikimwambia mume wangu neno, akadakia kwa Kiswahili.

"Karibu dada, kaa hapo unywe chai."

Nilimuuliza yote: nyama ya halali, mabasi, majilisi ya dini ya wanawake, hospitali. Akacheka. "Basi lasimama hapo nje, wewe unaliona. Mama yako hawezi kupotea hapa."

Machozi yalinilenga. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama simu.

"Baridi ya huku unaijua?" akaniuliza tulipotoka.

"Ya kwetu ni afadhali?"

"Ni mbali mno."

"Mbali na wapi? Si tunahama wote?"

Akatangulia kuelekea kituo cha treni.

Siku moja kabla ya jibu kutakiwa, tulikuwa jikoni mchana. Mimi nakatakata vitunguu, yeye anarudia yale yale ya Columbus. Nikaweka kisu chini.

"Umemwona mama yangu katikati ya malori kwa macho yako. Bado unataka kumpeleka kule?"

"Simpeleki popote!"

Alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kisha akaketi.

"Hawezi kuhamia nasi. Nimemuuliza wakili wa kampuni. Visa yangu inabeba mke na mtoto. Mzazi anaweza kuja kutembea tu, kisha arudi."

"Umejua lini?"

"Kabla hatujaenda Minneapolis."

Siku zote zile nilikuwa nachagua mji kwa ajili ya miguu ya mtu asiyeruhusiwa kuja. Naye, tangu ajue, alikuwa anachagua mji ambao kutoka huko naweza kuendesha gari kurudi kwa mama yangu, lakini hakuthubutu kuniambia kwa nini.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale kwa muda gani.

"Kwa hiyo," akasema, "mlinivusha mpakani, nikaponea chupuchupu kufa, kumbe hata siendi."

"Mama, wakati ule sikuwa najua," mume wangu akasema.

"Ulipojua ungesema. Mimi si mtoto." Akanigeukia mimi. "Na wewe hukuniuliza hata siku moja kama nataka kwenda. Mimi narudi Parkdale kwa mdogo wangu. Nyinyi mtajua wenyewe."

Akapanda ngazi akaanza kufungua makabati.

Mume wangu alitoa jibu lake: Columbus. Alikwenda peke yake. Sisi watatu tulirudi Parkdale, kwenye jengo la mama mdogo, ghorofa moja chini yake. Mume wangu huja kwa gari kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Theluji ikianguka siku hiyo sifanyi kazi ya maana. Naikodolea macho simu. Mama, ambaye kwa miezi alikuwa hamsemeshi mume wangu zaidi ya salamu, hakai mezani mpaka asikie mkwewe kavuka daraja la mpakani.

Wiki iliyopita mume wangu aliniuliza kama mwakani tutamfuata. Binti yetu, aliyekuwa pembeni, akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye ana marafiki hapa. Nikamwambia mume wangu sijui. Nilikuwa nasema kweli, naye hakukasirika. Akaniuliza kama nimeshalipeleka koti lake kwa fundi, nikamwambia bado, nitalipeleka kesho.